Wastaafu na gari lao kwenda Moshi: Kupanda si tatizo, kazi iko kwenye kushuka

Ulaya na Marekani, wazee wengine wakistaafu hufunga nyumba ya magurudumu nyuma ya gari na kuzunguka nchi kiangazi kizima. Kwetu tela la namna hiyo utaliona kwa watalii tu. Mstaafu wa Kichaga anayeishi Dar safari yake ni moja: nyumbani. Nyumba ya kulala iko tayari kule juu migombani, anachobeba ni mama, dawa za presha, mchele na zawadi za wajukuu.

Mabasi yapo, na Desemba 2019 hata treni ya abiria ya Dar kwenda Moshi ilirudi baada ya miaka zaidi ya 20. Ila wazee wengi wanataka gari lao. Wakifika waende kanisani, sokoni au hospitali bila kuomba lifti kwa mtu.

Kutoka Dar hadi Moshi ni kama kilomita 560. Vijana wanaondoka alfajiri, jioni wako Moshi. Mzee wa miaka 65 asishindane nao. Korogwe au Mombo ni karibu nusu ya njia, na pote pana pa kulala. Akilala hapo, kesho yake anapita Same na Mwanga akiwa hajachoka, milima ya Upare iko kulia kwake. Kila baada ya saa mbili ashuke anyooshe miguu, maana kukaa muda mrefu kunaivimbisha.

Kuna wanaouliza, kwa nini wasiende Julai? Barabara inapumua, kule juu kuna baridi nzuri na kahawa imeanza kuvunwa. Desemba ni msongamano, mabasi yanaovateki hovyo na trafiki wana tochi kila penye makazi, ambako mwisho ni kilomita 50 kwa saa.

Jibu ni kwamba Julai ndugu hawapo. Watu hutania kuwa Wachaga wanarudi Desemba "kuhesabiwa", lakini ndiyo wiki pekee ukoo mzima unakaa mezani. Mpaka wa masale uliosogezwa, nani abaki na kihamba, mzee azikwe wapi, yote yanazungumzwa hapo. Na kwa mstaafu kuna swali lake mwenyewe: ahamie juu, au mafao yaishie kwenye kodi ya nyumba Dar? Hilo halimalizwi kwa simu.

Sasa gari. Ukifika Himo, tambarare imekwisha. Kulia unapanda kwenda Marangu na Rombo. Ukinyoosha unafika Moshi mjini, kisha unapanda Kibosho, Uru au Machame. Moshi mjini ni kama mita 800 na kitu juu ya bahari, Lango la Marangu ni kama mita 1,900. Kupanda, gari likichoka litakwambia: linapunguza mwendo au sindano ya joto inapanda, unasimama.

Kushuka halikwambii. Ukikanyaga breki muda mrefu, zile pedi zinapata moto, moto unafika kwenye mafuta ya breki. Mafuta yaliyokaa miaka mingi yameshanyonya unyevu, kwa hiyo yanachemka mapema na kutoa mapovu. Mguu unazama, gari haliko tayari kusimama.

Dawa yake ni gia. Shuka na gia namba mbili, acha injini ilishike gari, breki uguse kidogo kidogo. Gari la otomatiki nalo lina 2 au L pale kwenye gia, ingawa wengi hawajawahi kuzigusa. Kamwe usizime injini ili kubana mafuta. Breki inakuwa ngumu na usukani unakuwa mzito.

Wengi hukagua breki Dar kabla ya kuondoka, na ni sawa. Lakini Januari gari linashuka zito kuliko lilivyopanda: mikungu ya ndizi kwenye keria, maparachichi, gunia la maharage, na mjukuu mmoja aliyeomba lifti. Mafundi wa Moshi wanafungua hata wiki ya sikukuu. Mzee apeleke gari likaguliwe breki siku mbili kabla ya kurudi, na mikungu mingine ifuate kwa basi.