Udumavu Njombe ni suala la elimu pia

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 50.4 ya watoto wa Mkoa wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa Tanzania ulikuwa asilimia 30. Ni nusu ya watoto, tena katika mkoa unaozalisha mahindi, viazi, maharage, maziwa na parachichi kwa wingi. Jambo hili limejadiliwa sana katika vikao vya afya, na kwa sehemu kubwa limebaki humohumo. Lakini watoto hao ndio wanaoandikishwa darasa la awali Njombe mjini, Makambako, Wanging'ombe, Makete na Ludewa, na mwalimu huwapokea wakiwa na ubongo ambao sehemu kubwa ya ujenzi wake imekwisha kufanyika. Ndiyo maana naona takwimu za udumavu zinastahili kusomwa pamoja na matokeo ya mitihani, na viongozi wa elimu waulizwe habari zake kama wanavyoulizwa ufaulu.

Mtoto anapotimiza miaka miwili, ubongo wake huwa umefikia takribani asilimia 80 ya uzito wa ubongo wa mtu mzima. Kazi hiyo huhitaji protini, mafuta, madini ya chuma na madini joto, na huhitaji mwili usiosumbuliwa na kuhara kila mara. Ghala likijaa mahindi, mahitaji hayo hayajatimia bado. Mtoto anayeshindia uji mwepesi wa mahindi hushiba bila kujengeka, na maziwa, mayai na parachichi vikiwa ndivyo vinavyoleta fedha, huishia sokoni. Msimu wa kilimo ukianza, mama huwa shambani tangu asubuhi, na mwenye kibanda karibu na stendi ya Makambako hana nafasi kubwa zaidi yake. Mtoto huachiwa dada yake, naye hula mara mbili kwa siku ilhali tumbo lake dogo linataka mara nne au tano. Kuna pia mzigo wa VVU: utafiti wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima wa Njombe, kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini, na mzazi anayeugua hana nguvu ileile ya kulea.

Wapo wanaosema watu wa huku ni wafupi kwa asili, kwa hiyo kipimo kinawaonea. Shirika la Afya Duniani lilipima jambo hilo kati ya 1997 na 2003 katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani. Watoto waliolishwa vizuri na kutunzwa vizuri walikua kwa mwendo unaofanana sana, awe wa Muscat au wa Oslo. Nusu ya kizazi kizima ikidumaa, urithi hautoshi kueleza. Hata hivyo udumavu ni kipimo cha jamii, na ni kosa kubwa mwalimu kumtazama mtoto mfupi darasani na kumhukumu kuwa mzito wa kuelewa.

Kwamba lishe ya mapema huathiri maisha ya baadaye, tunao ushahidi wa miaka mingi. Nchini Guatemala, kuanzia 1969 hadi 1977, vijiji viwili vilipewa uji wenye protini na vingine viwili kinywaji kitamu kisicho na protini. Wanaume waliopata uji ule wakiwa wadogo kabisa walikuja kulipwa kwa saa asilimia 46 zaidi ya wenzao. Jamaika ilitoa funzo jingine, ambalo naliona zito zaidi kwa Njombe. Mjini Kingston, wahudumu wa afya waliwatembelea kila wiki kwa miaka miwili akina mama wenye watoto waliodumaa, wakawafundisha kucheza na kuzungumza nao kwa kutumia vitu vya nyumbani. Miaka 20 baadaye watoto hao walikuwa na kipato cha asilimia 25 zaidi ya waliodumaa bila kutembelewa, ilhali waliopewa chakula cha nyongeza peke yake hawakuonyesha tofauti hiyo. Mtoto aliyedumaa, basi, hajapotea, na lishe bila malezi ni nusu ya kazi.

Hapo ndipo linapoingia swali la kama teknolojia inaweza kushika nafasi ya mlezi au mwalimu, maana vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 sasa viko mikononi mwa walimu. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi wa shule za vijijini, na baada ya miezi 15 watafiti hawakuona maendeleo yoyote katika hesabu wala lugha. Huko Kisumu, Kenya, watoto wa shule zilizopewa vifaa vya kidijitali walisoma vizuri zaidi kuliko wasio na mpango wowote, lakini hawakuwapita wale ambao walimu wao walipewa vitabu, mafunzo na mtu wa kuwatembelea. Mtetezi wa teknolojia atanikumbusha mkoa wa Tanga, ambako shindano la XPRIZE liliwapa vishikwambi vya Kiswahili watoto wa vijijini, wengi wao wasiowahi kukaa darasani. Ana hoja. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 yao hawakuweza kusoma neno hata moja, na baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Ni mafanikio ya kweli, ila hiyo nusu iliyobaki haikusaidiwa na kioo, na kioo hakina namna ya kujua nani amekuja bila kula.

Kinachounganisha lishe, malezi na kifaa ni uongozi. Utafiti uliofanywa katika shule 350 za msingi Tanzania na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa ruzuku peke yake haikuinua ujifunzaji. Ilipoambatana na malipo kwa walimu kulingana na wanachojua wanafunzi, matokeo yalipanda waziwazi. Fedha ilihitaji mtu wa kuulizwa. Wakuu wa mikoa wamekuwa wakisaini mkataba wa lishe tangu 2017, na halmashauri hutakiwa kutenga sh 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, lakini kazi isiachwe iwe ya afisa lishe pekee.

Mwalimu mkuu anaweza kujibu kwamba mtoto humfikia akiwa amechelewa, na kwamba walimu wamelemewa tayari. Ni kweli uji wa shuleni haurudishi miaka miwili ya kwanza, ingawa humwezesha mtoto kumsikiliza mwalimu saa nne asubuhi. Lakini wasichana wa darasa la saba ni mama wa miaka michache ijayo, na mkutano wa wazazi unaochangishwa mahindi ya uji ndio huohuo wenye akina baba wanaoamua maziwa yauzwe yote au yabaki lita moja. Mwalimu hahitaji kupima watoto kwa hilo. Mhudumu wa afya ya jamii anazo takwimu za kijiji na anaweza kuzisoma mbele ya kamati ya shule kila robo mwaka. Baraza la madiwani Makambako au Njombe likiketi kujadili elimu, liletewe karatasi moja yenye idadi ya waliodumaa katika kila kata, shule zinazotoa uji, na watoto wa darasa la pili wanaoweza kusoma, kisha mkurugenzi aulizwe juu ya yote matatu.