Usikimbilie dawa, mdudu yuko ndani ya jani

Ukiona mistari myeupe imejipindapinda kwenye majani ya spinachi au nyanya zako, kama mtoto amechorachora kwa chaki, jua una mgeni. Na huyu hakai juu ya jani. Anakaa ndani.

Siku hizi ploti nyingi za Nairobi hukosi gunia la mboga karibu na ngazi, au ndoo za nyanya pale veranda. Vijana tunapanda kwa sababu bei ya sokoni haitabiriki. Shida ni kwamba mistari ikitokea, wengi hukimbia agroveti, wananunua dawa ya kwanza wanayoonyeshwa, wanapuliza. Baada ya wiki, mistari imeongezeka. Kwa nini?

Kuna nzi mdogo sana, mweusi mwenye manjano, anayetoboa jani na kutaga yai ndani. Likianguliwa, funza hula katikati ya ngozi ya juu na ya chini. Ule mstari ndio njia yake, na hupanuka kadiri anavyonenepa. Dawa nyingi hubaki juu ya jani, yeye yuko chini ya paa anakula tu. Wanaokufa ni nyigu wadogo ambao kazi yao ni kumwinda huyo funza. Yaani umelipa kufukuza askari, mwizi ukamwachia nyumba.

Kwa nyanya na managu kuna mbaya zaidi: Tuta absoluta, nondo wa Amerika Kusini aliyefika Kenya 2014. Huyu huacha mabaka mapana yanayokauka, kisha hutoboa hata tunda. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260, na dawa kadhaa ameshazizoea. Ndiyo maana watafiti wa icipe, pale Kasarani, walileta nyigu kutoka Peru wapambane naye.

Habari njema ni kwamba shamba lako ni dogo. Mwenye ekari tano hawezi kukagua kila jani, wewe unaweza.

Kwanza, kila baada ya siku mbili inua majani kwenye mwanga. Funza yuko mwisho wa mstari, upande ule mpana. Mfinye kwa vidole, basi.

Pili, jani lililoharibika sana likate, ulifungie kwenye mkebe na kuuacha juani siku kadhaa. Usilitupe chini ya mmea, maana wengi wao hushuka mchangani kujigeuza, kisha wanarudi wakiwa na mabawa.

Tatu, kata kipande cha mtungi wa manjano, kipake grisi, kitundike karibu na mimea. Nzi hawa hupenda manjano, watanasa.

Nne, dawa ya mwarobaini husaidia funza wakiwa bado wachanga. Pulizia jioni.

Ukilazimika kununua dawa kali, beba jani ulionyeshe dukani, kisha usome lebo. Ikisema usubiri siku 7 kabla ya kuvuna, ni 7, si 3 kwa sababu leo kuna ugali na hakuna mboga. Hiyo sumu utaila wewe na watu wako.

Na spinachi yenye mistari michache usiitupe. Kata sehemu iliyochimbwa, osha inayobaki, tia sufuriani.