Kigeu Kimoja, Watumiaji Maelfu

Tarehe 8 Machi 2021, kila aliyekuwa ameingia kwenye akaunti yake ya GitHub, hazina ya msimbo inayotumiwa na waandishi wa programu duniani kote, alitolewa nje na kutakiwa aingie upya. Kampuni ilifanya hivyo kwa makusudi. Siku chache kabla, mtumiaji mmoja alikuwa ameripoti kwamba, akiwa ndani ya akaunti yake mwenyewe, ghafla alijikuta ndani ya akaunti ya mtu mwingine. Baadaye ikaja taarifa ya pili, ya mtu mwingine kabisa, inayofanana nayo. Hakukuwa na nywila iliyoibwa wala mdukuzi. GitHub ilieleza kwamba vipindi vya watumiaji (sessions) vilivyoathirika havikufika asilimia 0.001, lakini kwa kuwa haikuwezekana kuridhika na makisio, vyote vikafutwa.

Chanzo kilikuwa objekti moja tu. Unicorn, seva waliyoitumia, huweka taarifa za kila ombi ndani ya objekti moja, na ombi likiisha huifuta na kuitumia tena kwa ombi linalofuata. Utaratibu huo ulikuwa salama miaka yote kwa sababu kila mchakato ulihudumia ombi moja kwa wakati. Kisha wahandisi, wakitafuta kasi, wakaongeza uzi wa pili wa kazi uliokwenda chinichini. Mara chache sana, uzi huo ulibaki umeishika objekti ile wakati tayari imekwisha kujazwa taarifa za mtu mwingine. Kuki ya huyu, inayomtambulisha kwa seva, ikaenda kwa yule.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu waliopatwa nacho ni mabingwa wa kazi yao. Kosa la namna hii huwapata hata walio makini, na mara nyingi huingia kupitia mlango mdogo kuliko ule wa GitHub: neno moja, static, mbele ya kigeu.

Katika Java au C#, klasi ni maelezo ya namna objekti itakavyoundwa. Klasi ya Mteja yaweza kuzaa objekti elfu, kila moja ikiwa na jina na deni lake. Kigeu kikitangazwa kuwa cha statiki, hakikai ndani ya objekti yoyote kati ya hizo. Kinakaa kwenye klasi yenyewe, kimoja tu, na wote wanakisoma na kukiandika hichohicho. Kwenye programu ya kompyuta ya mezani hilo halina madhara makubwa, maana anayeitumia ni mtu mmoja. Kwenye wavuti mambo ni tofauti: programu inaishi kwenye seva, na watu wote wanaofungua tovuti wanahudumiwa na mchakato uleule. Kigeu cha statiki ni ubao uliotundikwa ukutani dukani, wala si daftari la mteja mmoja mmoja.

Sasa mwandishi wa programu amechoka kupitisha jina la mteja kutoka hatua hadi hatua. Anatangaza kigeu cha statiki, mtejaWaSasa, analiweka jina humo mwanzoni na kulisoma anapochapa ankara. Akijaribu peke yake kwenye kompyuta yake, kila kitu kinakwenda sawa, na kitaendelea kwenda sawa hata akijaribu mara mia. Siku tovuti inapofunguliwa kwa umma, Asha anabonyeza kitufe, nusu sekunde baadaye Juma naye anabonyeza, na ankara ya Asha inatoka na jina la Juma. Mteja anayelalamika hawezi kuonyesha kosa, kwa sababu ukurasa ukipakiwa upya uko sahihi. Ndiyo maana naliona kosa hili kuwa baya kuliko lile linaloiangusha programu nzima: linavujisha siri za watu kimyakimya.

Hata namba ya kawaida haiko salama. Kuongeza moja kwenye kihesabio kunaonekana kitendo kimoja, kumbe ni vitatu: kusoma, kujumlisha, kuandika. Maombi mawili yakisoma 100 kwa pamoja, yote mawili yataandika 101, na hesabu moja imepotea. Java ina AtomicInteger kwa kazi hiyo hasa. Tena neno final lisimdanganye mtu. Linazuia kigeu kuelekezwa kwenye objekti nyingine, lakini halizuii kilichomo ndani ya objekti kubadilika. Wengi waliweka SimpleDateFormat, objekti ya kupangilia tarehe, kuwa static final wakidhani wamemaliza, wakati nyaraka za Java zinaonya kwamba objekti hiyo haifai kutumiwa na nyuzi nyingi kwa pamoja bila ulinzi, na matokeo yake yakawa tarehe za ajabu. DateTimeFormatter, iliyokuja na Java 8 mwaka 2014, haibadiliki ikishaundwa, kwa hiyo kuishirikisha hakuna shida.

Anayeandika PHP kwa mtindo wa kawaida anaweza kushangaa, kwani kwake kigeu cha statiki hufa ombi linapoisha, na linalofuata huanza upya. Kinga hiyo imewalea wengi vizuri. Haipo tena wanapohamia kwenye Swoole au Laravel Octane, ambako programu hubaki kwenye kumbukumbu baina ya maombi. Kwa Node.js, kigeu kilichotangazwa juu ya faili, nje ya fanksheni, kina hatari ileile hata bila neno static: uzi ni mmoja, lakini kila penye await, yaani programu inaposubiri jibu, ombi jingine laweza kupenya.

Statiki ina mahali pake. Kiwango cha kodi kinachosomwa mara moja programu inapowaka, orodha ya mikoa, mkusanyiko wa miunganisho ya hifadhidata uliotengenezwa kwa ajili ya nyuzi nyingi: hivi vishirikishwe bila woga. Chochote kinachomhusu mtumiaji kipite kama hoja ya fanksheni, au kikae kwenye kipindi chake.

Na kisichotakiwa kupotea kisiachwe kwenye kumbukumbu ya mchakato. IIS, seva ya wavuti ya Microsoft, kwa mipangilio yake ya kawaida, huuzima mchakato usiopata ombi kwa dakika 20, na huuanzisha upya kila baada ya dakika 1,740. Vigeu vyote vya statiki huondoka nao. Ukiwa na seva mbili, kila moja ina nakala yake, na kufuli la nyuzi kwenye seva ya kwanza halijui lolote kuhusu ya pili. Kiti cha mwisho cha basi kitauzwa mara mbili, isipokuwa hifadhidata yenyewe ndiyo inayoamua, kwa amri moja inayokiandika kiti kwa jina la abiria kwa sharti kwamba bado kiko wazi.