Kasongo Ni Mji, Wasee

Wasee, Kasongo ikipigwa kwa mat kila mtu anaijua, hata makanga anaacha kudai ganji kidogo aimbe. Lakini Kasongo wa hiyo ngoma ya Super Mazembe ni jamaa. Mimi nataka kuwabongesha kuhusu Kasongo mji, kusini ya Maniema, Kongo, juu hiyo ndio ocha kwetu. Mbuyu alizaliwa huko. Mathe ni wa Kabambare, teritwari ya jirani, ukielekea upande wa Ziwa Tanganyika. Sisi watoi tumekulia Kayole na huko kote tulikuwa tunakujua kwa risto tu.

Tuko na kasin Brussels, ile mtaa ya Wakongo inaitwa Matonge. Kila akipata likizo anapakia familia kwa ndai wanachapa mpaka Paris, kilomita kama mia tatu, na kama barabara haijajaa ni masaa matatu na kitu. Last time tairi iliwapasukia njiani. Akatuma picha wamekaa kando ya barabara wakingoja fundi, watoi wanakula chipo. Mbuyu akaiangalia hiyo picha kitambo, akarudisha simu, akasema: "Na sisi tutasafiri. Lakini tunaenda kwetu." Form ikawa Kindu, Kasongo, Kabambare, likizo ya Aprili juu ndio shule zimefungwa.

Ngori ilianzia Kindu. Ndege ikashuka, mabegi yakabaki nyuma. Begi ya mathe ndio ilikuwa imebeba leso za mashangazi na dawa za presha za shosh wetu wa Kabambare. Tukaambiwa zitakuja na ndege inayofuata, na hakuna mtu alijua ni lini. Mathe hakupiga kelele. Alienda kwa famasi akanunua dawa zingine kabla hata ya kutafuta pa kulala.

Kindu imekatwa katikati na Lualaba, ule mto ukifika Kisangani unaanza kuitwa Kongo. Uwanja wa ndege uko magharibi, na barabara ya Kasongo inaanzia ng'ambo, Alunguli. Tulivuka na mtumbwi wa injini, mbuzi, baiskeli na magodoro ndani, wasee wakisalimiana kama wako sokoni. Mwenye Land Cruiser alikuwa anatungoja ukingoni, na hapo ndio doo ikaleta noma. Kongo dola inatembea kuliko franka kwa malipo makubwa, lakini lazima iwe safi. Yule mzae alichukua noti za mbuyu moja moja, akaziinua kwa jua, akapitisha kidole kando kando. Noti moja ilikuwa na mpasuko kwa kona, mdogo kama punje ya mchele. Akairudisha. Ingine ilikuwa na muhuri wa wino, akairudisha pia. Kufika mwisho, karibu nusu ya bajeti yetu ilikuwa karatasi tu. Hakuwa na roho mbaya, juu na yeye akienda nazo kwa duka zingekataliwa hivyo hivyo.

Kindu hadi Kasongo ni kama kilomita 240. Kasin wa Brussels hiyo angeimaliza kabla ya lanchi. Sisi mvua ilitushika mapema, na hapo ndio nilielewa barabara ya Maniema iko aje. Madaraja mengi ni magogo yamelazwa juu ya mto, basi. Kwa moja, wote tulishuka, sistangu akavua Air Force zake nyeupe akazining'iniza shingoni. Dereva akaingia polepole, kijana mmoja akimwongoza kwa mikono. Gogo la kushoto likazunguka. Tairi ya nyuma ikadumbukia, ndai ikalala upande, na injini ikanyamaza.

Vijana wa kijiji wakatokea na mapanga na kamba. Wao ndio wanakata hayo magogo, wanayapanga upya kila mvua ikiyabeba, na anayepita anawalipa kitu. Nimesikia wasee wakilalamika kuhusu hizo doo. Mimi nasema walipwe, juu bila wao hakuna mgonjwa angefika hospitali wala gunia la mchele lingefika Kindu. Tulipokuwa tunangoja, wanaume wa baiskeli walitupita. Kila moja imebeba mibidoni ya mawese mpaka mwenyewe haonekani, na haiendeshwi, inasukumwa, fimbo imefungwa kwa usukani na ingine nyuma ya kiti. Walivuka magogo yaliyobaki miguu mitupu, wakatusalimia, wakaishia. Land Cruiser iliachwa na baiskeli, na hao majamaa wanaenda hivyo mamia ya kilomita.

Usiku mama mmoja hapo kijijini alitutolea chumba chake, akatupikia sombe na wali. Asubuhi akakataa doo. Mathe akamwachia kitenge alichokuwa amejifunga. Ndai bado ilikuwa mtoni, so tukagawanywa kwa nduthi, na dereva huko anaitwa motari. Mbuyu mbele, mathe katikati, sisi nyuma na matope mpaka kwa kope.

Kasongo tuliingia jua likizama, na kitu cha kwanza nilisikia ni adhana. Wasee, sikutarajia. Makanzu, kofia, "salam aleikum" kila kona, na Kiswahili kinaongewa na kila mtu mpaka shosh wa sokoni. Hii yote ina historia nzito. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliweka makao yake hapa miaka ya 1870, mji wa zamani unaitwa Kasongo-Tongoni, mpaka majeshi ya Mfalme Leopold chini ya Dhanis yakauteka Aprili 1893. Ule mpunga Kasongo inajivunia ulikuja na misafara yake. Pembe na watumwa pia walitoka kwa njia hiyo hiyo. Nyangwe, kando ya Lualaba, ndiko wafanyabiashara walipofyatulia watu risasi sokoni tarehe 15 Julai 1871, mamia wakafa, wengi wanawake, na Livingstone akaona kwa macho yake. Shuleni tulipewa Tippu Tip kwa sentensi mbili. Mjomba wetu wa hapo Kasongo alitupa usiku mzima, na hakuficha kwamba kwa ukoo wetu kuna waliouza na waliouzwa.

Kabambare hatukufika. Njia ya huko ni ile ya misafara kutoka ziwani, na kukwama si kwa jana: Livingstone mwenyewe alilala huko miezi mingi 1870, vidonda vya miguu vimemzuia. Sisi tulizuiwa na bunduki. Upande wa Salamabila kuna dhahabu, mgodi wa Namoya ulianza uzalishaji wa kibiashara 2016, na vikundi vyenye silaha vimekuwa vikisumbua hiyo njia miaka mingi. Wamotari wakakataa kutubeba, na motari akikataa doo jua mambo si poa. Inaniuma kwamba dhahabu ilipata njia ya kutoka Kabambare, lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa bado anabebwa kwa baiskeli.

Shosh akasikia. Akatuma neno tusisonge, anakuja yeye. Zaidi ya kilomita 100 nyuma ya nduthi, na umri huo. Mathe alipomuuliza kwa nini amejihatarisha, alimjibu: "Miye bananijua. Nyinyi habawajue." Kisha akauliza dawa ziko wapi.

So kama ocha yako iko Maniema, enda. Enda Juni mpaka Agosti, mvua ikiwa imepungua. Beba dola mpya kabisa na uzikague kabla ya kutoka. Weka dawa kwa begi ya mkononi. Uliza wamotari kabla ya kuuliza ramani ya simu, na wakisema rudi, rudi. Na nyinyi mko na sauti Kindu na Kinshasa: wekeni madaraja ya chuma kati ya Kindu, Kasongo na Kabambare, juu watu wa huko wamebeba hiyo barabara mabegani muda wa kutosha.