Morricone: Gwiji wa muziki wa filamu aliyetuzwa uzeeni
MTUNZI wa muziki wa filamu Ennio Morricone, aliyezaliwa Roma, Italia, mwaka wa 1928, alirithi upigaji tarumbeta kwa babake.

Jina lake lilianza kuvuma 1964 aliposhirikiana na mwongozaji Sergio Leone, waliyesoma naye utotoni. Kwa kuwa fedha za kukodi okestra kubwa zilikuwa haba, aligeuza mluzi, mjeledi na mlio wa bunduki kuwa ala.

Katika ‘Once Upon a Time in the West’ (1968), muziki ulitangulia. Waigizaji wakaigiza wakiusikiliza.

Hata hivyo, aliteuliwa kuwania Oscar mara tano akaambulia patupu. Alipewa tuzo ya heshima 2007, kisha akashinda 2016, akiwa na miaka 87, kupitia ‘The Hateful Eight’. Alifariki Julai 2020.