Je, Wajua? Sanamu ya Sentimita Tisa na Nusu Inayowanyima Watu Wazima Usingizi

Krismasi ya mwaka 1977 maduka ya Marekani yaliuza midoli ambayo haikuwepo. Ndani ya bahasha bapa ya karatasi ngumu mlikuwa na picha, vibandiko, kadi ya uanachama na cheti. Mzazi alikijaza cheti, akakituma kwa posta, na mtoto akaanza kusubiri. Kati ya Februari na Juni 1978 ndipo kifurushi kilipofika nyumbani kikiwa na sanamu nne za wahusika wa filamu ya Star Wars: Luke Skywalker, Binti Mfalme Leia, Chewbacca na R2-D2.

Filamu yenyewe ilitoka tarehe 25 Mei 1977, na watu wachache mno katika biashara ya midoli waliitarajia kuvuma. Kampuni ya Mego, iliyokuwa kubwa zaidi katika sanamu za wahusika, ilikataa kununua haki za kuzitengeneza. Haki hizo zikaangukia mikononi mwa Kenner ya mjini Cincinnati, kampuni iliyomilikiwa na General Mills, watengenezaji wa vyakula vya nafaka vya asubuhi. Kutoa mdoli mpya wa plastiki huchukua karibu mwaka mzima: mfano huchongwa, kalibu za chuma hukatwa, rangi hujaribiwa, kisha kiwanda cha mbali, kwa wakati ule hasa Hong Kong na Taiwan, huanza kazi. Filamu ilipopasua anga, Kenner haikuwa na sanamu ya kuweka rafuni. Ikauza ahadi, na watu wakainunua.

Nalieleza tukio hilo kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna tabia yote ya ukusanyaji huu hadi leo. Mpenzi wa sanamu za Star Wars huvutwa kwa nguvu zaidi na kile ambacho kampuni ilichelewesha, ilikosea, ilibadilisha katikati ya safari au ilikataa kabisa kukitengeneza. Kilichopatikana kwa wingi hukipenda. Kilichokosekana humkosesha raha.

Tuitazame sanamu yenyewe kwanza. Urefu wake ni takriban sentimita 9.5. Kabla yake, mdoli wa mwanajeshi GI Joe, uliotolewa mwaka 1964, ulikuwa na urefu wa karibu sentimita 30 na ulivalishwa nguo za kitambaa. Ukubwa huo haukufaa kwa Star Wars, filamu iliyojaa vyombo vya angani: kama Han Solo angekuwa na sentimita 30, chombo chake, Millennium Falcon, kingejaza chumba na kumfilisi mzazi. Kwa kuwapunguza wahusika, Kenner iliweza kuuza pia vyombo, majengo na wanyama wao kwa bei ambayo familia ya kawaida iliimudu. Ukubwa huo ulishinda kiasi kwamba GI Joe mwenyewe alirudi sokoni mwaka 1982 akiwa amefupishwa kuufikia.

Sanamu hizo za awali zina maungio matano tu: shingo, mabega mawili na nyonga mbili. Magoti hayakunjiki, viwiko havikunjiki. Nyuma ya mguu kuna maandishi madogo: mwaka, jina la nchi iliyoitengeneza, na herufi GMFGI, ambazo ni kifupi cha jina la tawi la midoli la General Mills. Herufi hizo husomwa kwa kioo cha kukuzia na watu wazima wenye kazi za heshima, maana aina ya maandishi na jina la nchi huonyesha sanamu ilitoka katika kalibu ipi.

Adui wake mkubwa ni kemia. Sehemu ngumu za midoli ya namna hii kwa kawaida ni plastiki ya ABS, na sehemu laini ni za jamii ya PVC. Ndani ya ABS mna kiambato kinachofanana na mpira, butadini, ambacho huipa plastiki uwezo wa kustahimili kuangushwa. Lakini kiambato hichohicho huungana na oksijeni, hasa kikipigwa na miale ya urujuanimno ya jua, na plastiki nyeupe hugeuka manjano. Ndiyo maana askari wengi weupe wa Star Wars leo wana baadhi ya vipande vyenye rangi ya chai ya maziwa huku vingine vikibaki vyeupe: vipande vya sanamu moja havikutoka daima katika plastiki ya aina moja. PVC nayo hulainishwa kwa mafuta maalumu yaliyochanganywa ndani yake, na miaka inavyopita mafuta hayo hujipenyeza hadi juu ya ngozi ya sanamu na kuifanya inate. Wapo wanaoloweka sanamu ndani ya haidrojeni peroksaidi na kuzianika mwangani ili weupe urudi. Rangi hurudi kweli, ila plastiki iliyochakaa haiponi, na baada ya muda umanjano unaweza kuanza upya. Hii ni hasara inayouma: mtu ameihifadhi sanamu miaka 40 bila kuigusa, nayo imeendelea kuzeeka ndani ya sanduku.

Kisha kuna mambo yaliyobadilishwa. Jawa ni kiumbe mfupi wa jangwani, mmoja wa wahusika 12 wa kwanza wa mwaka 1978. Sanamu yake iliuzwa mwanzoni ikiwa na joho la vinili, plastiki nyembamba kama ya kitambaa cha meza. Kwa kuwa yeye ni mdogo kuliko wenzake na bei ilikuwa ileile, Kenner ilimbadilishia joho akavalishwa la kitambaa, aonekane ana thamani. Majawa wa vinili wakawa wachache, na uchache ukazaa udanganyifu. Joho la vinili la Obi-Wan Kenobi, ambalo ni la kawaida, hukatwa na kupunguzwa likavalishwa Jawa, na mnunuzi asiye na jicho hulipa maelfu ya dola kwa kipande cha vinili kilichopitiwa na mkasi. Panga za mwanga zilipata mkasa wa aina hiyo. Katika matoleo ya kwanza kabisa, upanga ulitoka mkononi kisha ncha nyembamba ikatoka tena ndani ya upanga. Mfumo huo ulikuwa dhaifu na ukaachwa mapema, kwa hiyo ncha yenye urefu wa ukucha ndiyo inayotenganisha sanamu ya bei ya kawaida na ile ya bei ya gari.

Lakini hakuna hadithi inayomshinda Boba Fett. Mwaka 1979, kabla mhusika huyo hajaonekana katika filamu ya pili, Kenner ilitangaza kwamba mtoto atakayetuma uthibitisho wa kununua sanamu nne atapelekewa Boba Fett mwenye kombora linaloruka kutoka mgongoni. Kabla ya ahadi kutimizwa, mtoto wa miaka minne alifariki dunia baada ya kukabwa na kombora dogo la mdoli wa kampuni nyingine. Kenner ilisitisha mpango. Matangazo yaliyokwisha chapishwa yakafunikwa kwa vibandiko, na watoto wakapelekewa Boba Fett ambaye kombora lake limegandishwa mahali pake. Uamuzi ulikuwa sahihi, na sijui kama kuna mkusanyaji mwenye akili timamu anayeupinga. Hata hivyo, sampuli za majaribio zilizokuwa zikirusha kombora zilibaki kwa wafanyakazi, na zikaanza kupita mkono kwa mkono. Wajuzi huzigawa kwa umbo la mfereji wa kufyatulia uliopo mgongoni, ulio kama herufi L au J. Mwaka 2024 mojawapo iliuzwa kwenye mnada wa Heritage Auctions nchini Marekani kwa dola 525,000. Hakuna mtoto aliyewahi kuinunua dukani.

Makosa nayo yana soko lake. Mwaka 1978 Kenner ilimtengeneza mhusika wa baa aitwaye Snaggletooth kwa kutumia picha isiyo na rangi iliyomwonyesha kuanzia kiunoni kwenda juu. Mafundi wakabahatisha: wakampa urefu wa mtu mzima, suti ya buluu na buti za rangi ya fedha. Katika filamu alikuwa mfupi na alivaa nyekundu. Kosa lilisahihishwa, na yule wa buluu, aliyeuzwa tu ndani ya seti ya maduka ya Sears, sasa anatafutwa kuliko yule sahihi.

Wengine walingojewa bila kutengenezwa. Tarkin, kamanda aliyeamuru sayari nzima iteketezwe, ni mhusika mkubwa katika filamu ya 1977, lakini hakuwahi kupata sanamu katika mfululizo wa awali. Pengine mzee mwenye sare ya kijivu hakuonekana kuwa wa kumvutia mtoto. Alipata sanamu mwaka 1997. Kwa wale waliotaka Tarkin wa mtindo wa zamani, mwenye maungio matano, wa kusimama pamoja na wenzake wa utotoni, ilibidi wasubiri hadi 2019, na hata hapo aliwekwa ndani ya boksi la mchezo wa mezani, ikalazimu kununua mchezo mzima.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaye wake katika kabati hili. Mwaka 1983 Kenner ilitoa sanamu ya Nien Nunb, rubani msaidizi mwenye mashavu yanayoning'inia katika filamu ya Return of the Jedi. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani, na baadhi ya maneno anayoyatamka ni Kikuyu safi. Watazamaji wa dunia nzima walidhani ni lugha ya kubuni, wakati mtu wa Nyeri alielewa. Miaka 32 baadaye Lupita Nyong'o akamwigiza Maz Kanata katika filamu nyingine ya Star Wars, na kampuni ya Hasbro ikamtengenezea sanamu pia.

Hasbro iliipata Kenner mwaka 1991 kwa kuinunua Tonka, kampuni iliyokuwa ikiimiliki Kenner wakati huo. Mfululizo wa awali ulikuwa umekufa mwaka 1985, watoto wakiwa wamehamia kwingine; mmoja wa wahusika wa mwisho, Yak Face, aliuzwa Kanada na Ulaya bila kufika rafu za Marekani. Sanamu zilirudi mwaka 1995 zikiwa na vifua vya wanyanyua vyuma, na Luke, kijana mwembamba wa mashambani, akaonekana kama bondia. Watu walilalamika, lakini walinunua, na wengi walinunua kwa tamaa. Walikuwa wamesikia bei za sanamu za 1978, wakajaza vyumba kwa masanduku ambayo hayajafunguliwa. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 1999, maduka yalipofunguliwa saa sita usiku kuuza sanamu za filamu mpya ya mwaka huo, foleni zilikuwa za watu wazima. Sanamu hizo zimejaa hadi leo, na nyingi huuzwa chini ya bei ya kununulia. Zile za 1978 zilipanda bei kwa sababu watoto walizichezea, wakazivunja na kuzipoteza. Zilizohifadhiwa na kila mtu hazina wa kuzitafuta.

Malalamiko ya sasa yana sura nyingine. Mwanzoni mwa 2016 wazazi na wakusanyaji waliuliza kwa nini Rey, msichana aliye kiini cha filamu iliyokuwa mpya wakati huo, hayumo katika mchezo wa Monopoly wa filamu hiyo. Hasbro ikaahidi kumwongeza. Mwaka 2022 kampuni iliondoa dirisha la plastiki kwenye maboksi ya sanamu zake kubwa ili kupunguza taka. Nia ilikuwa njema, lakini mnunuzi akawa haoni uso wa anachonunua, na katika sanamu hizi tone moja la rangi lililokaa vibaya kwenye jicho huharibu sura yote. Wezi nao walitoa sanamu na kuweka takataka ndani. Mwaka uliofuata kampuni ilitangaza kurudisha dirisha. Naona wakusanyaji walikuwa na haki, na naona pia kwamba tatizo la taka lilibaki bila jibu.

Siku hizi, kwa baadhi ya vitu vikubwa, Hasbro huwataka wapenzi walipie kwanza ndipo itengeneze. Mwaka 2018 ilipendekeza jahazi la Jabba kutoka filamu ya 1983, chombo cha zaidi ya mita moja ambacho Kenner haikuthubutu kukitoa. Bei ilikuwa dola 499.99, na walihitajika watu 5,000, wakajitokeza 8,810. Mwaka 2021 ikamleta Rancor, jitu la shimoni, kwa dola 349.99, ikitaka watu 9,000. Muda ulikwisha Desemba hesabu haijafika, na mradi ukafutwa. Wapo walioona bei imezidi. Wapo waliokuwa wameshapima nafasi kwenye kabati.

Kama unayo sanamu ya namna hii, au ukikutana nayo kwenye rundo la midoli ya mitumba, igeuze usome nyuma ya mguu. Ukiona GMFGI, usiisugue kwa kemikali wala kuianika juani. Tafuta pia silaha yake kwenye rundo hilohilo, maana bunduki ndogo ya plastiki ndiyo hupotea kwanza na ndiyo hughushiwa zaidi. Na ukiuziwa Jawa mwenye joho la vinili, mpeleke kwa mjuzi kabla hujatoa hela.