Askari wa Keya Katika Msitu wa Malaya



Hapa kwetu Dodoma mtu akipanda juu ya jiwe aona mbali sana. Mgeni ajapo, vumbi lake huonekana kabla yeye mwenyewe hajafika. Mvua yetu ni ya miezi michache tu, na kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka. Leo nataka kuwaelezeni habari za nchi iliyo kinyume kabisa na hii, na habari za askari wa Afrika waliovuka bahari kwenda kupigana huko. Nchi yenyewe ni Malaya, ambayo leo ni sehemu ya Malaysia. Mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na katika msitu wake mtu hawezi kumwona mwenzake aliye hatua kumi mbele yake.

Kwanza yafaa tujue sababu ya vita vile. Malaya ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, na utajiri wake mkubwa ulikuwa mpira na madini ya bati. Wajapani waliiteka mwaka 1942. Wakomunisti wa nchi ile, wengi wao Wachina, waliingia msituni kupigana nao, na Waingereza wenyewe wakawapa silaha. Wajapani waliposhindwa mwaka 1945 Waingereza walirudi kutawala, na wale Wakomunisti wakataka waondoke. Mwezi wa Juni 1948 Wazungu watatu wa mashamba ya mpira waliuawa karibu na Sungai Siput, na Serikali ikatangaza hali ya hatari. Maelfu ya wapiganaji wakarudi msituni, na kiongozi wao alikuwa Chin Peng. Serikali iliwaita majambazi. Wao walijiita jeshi la ukombozi.

Waingereza wakaita askari kutoka sehemu nyingi za dola yao. Miongoni mwao walikuwamo askari wa King's African Rifles, ambao watu wetu huwaita Keya. Mwaka 1952 na 1953 batalioni ya 1 na ya 2 za Nyasaland, nchi iitwayo leo Malawi, na batalioni ya 3 ya Kenya, zilitumika Malaya. Batalioni za Tanganyika hazikwenda huko. Lakini vijana wa nchi hii walikuwa wamekwisha kuujua msitu wa Asia, maana mwaka 1944 batalioni za 26 na 36 za Tanganyika zilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, iliyowafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw huko Burma, katikati ya mvua kubwa na matope.

Huenda mtu akasema, ‘Basi, vita vya Burma na vya Malaya ni vya namna moja.’ Sivyo. Burma adui alikuwa jeshi lenye mizinga na sare. Malaya adui alikuwa watu wachache wachache waliojificha, na mchana mmoja wao aweza kuonekana akigema mpira kama mfanyakazi mwingine yeyote. Askari walitembea kwa mstari mmoja, kimya, siku baada ya siku. Nguo hazikukauka. Ruba waliingia hata ndani ya viatu. Ilipasa kumeza dawa ya malaria kila siku. Chakula chao kiliangushwa kwa miavuli kutoka katika ndege, na ili kukipokea walilazimika kwanza kukata miti. Kikosi kiliweza kutembea majuma mengi kisimwone adui hata mmoja, kisha mapigano yakatokea ghafula na kwisha katika dakika chache.

Sasa nawaomba msikilize kwa makini, maana hapa ndipo penye kiini cha habari yenyewe. Katika msitu ule mwitu mtu hapati chakula cha kumtosha. Aliye msituni hula kwa mkono wa aliye nje. Wapiganaji walipata mchele, dawa na habari kutoka kwa Wachina maskini waliolima pembezoni mwa msitu bila hati ya ardhi. Wengine walitoa kwa kupenda, wengine kwa kuogopa. Kwa hiyo tangu mwaka 1950, kwa shauri la Jenerali Briggs, Serikali iliwahamisha watu hao wapata nusu milioni, ikawaweka katika vijiji vipya vilivyozungushiwa seng'enge, vyenye lango na walinzi. Mchele ulipimwa kwa kibaba. Makopo ya chakula yalitobolewa papo hapo dukani, ili yasiweze kuwekwa akiba. Baadaye, katika sehemu nyingine, watu hawakuuziwa mchele mbichi, bali waligawiwa wali uliopikwa mahali pamoja, kwa sababu wali huchacha upesi katika joto lile. Basi kazi kubwa ya askari ikawa kuvizia njia ziendazo kwenye chakula.

Wazee wa Ugogo hawahitaji kufundishwa maana ya neno hilo. Katika vita vya 1914 hadi 1918 jeshi la Wajerumani, na baada yake la Waingereza, yalichukua hapa nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosa. Njaa iliyofuata iliitwa Mtunya, na watu wengi mno walikufa ambao hawakupata kushika bunduki. Vita vikikaa karibu na ghala la mkulima, yeye ndiye hulipa kwanza.

Na Malaya vilevile mkulima alilipa. Mwezi wa Desemba 1948, huko Batang Kali, askari wa Kiingereza waliwaua wanakijiji 24 wasio na silaha. Matendo ya namna hiyo huwasukuma watu waingie msituni. Jenerali Templer, aliyefika mwaka 1952 kuongoza Serikali na jeshi pamoja, alikiri kwamba jibu halimo katika kumimina askari zaidi, bali katika mioyo na fikira za watu. Vijiji vikapewa shule na zahanati, Wachina wengi wakapata uraia, na ahadi ya kujitawala ikatolewa. Malaya ilipata uhuru wake tarehe 31 Agosti 1957. Tangu hapo waliobaki msituni hawakuweza tena kusema kwamba wanapigana ili kumfukuza mkoloni. Hali ya hatari ilikomeshwa tarehe 31 Julai 1960.

Lakini tumrudie yule askari wa batalioni ya 3. Alipokuwa bado ng'ambo akilinda mashamba ya mpira ya watu wengine, hali ya hatari ilitangazwa kwao Kenya, tarehe 20 Oktoba 1952. Alirudi mwaka 1953 akakuta vita katika misitu ya Mlima Kenya na Aberdare, na safari hii waliokuwamo msituni walikuwa watu wa nchi yake. Yale aliyoyaona Malaya akayaona tena: tangu mwaka 1954 watu zaidi ya milioni moja wa Ukikuyu walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji vya kulindwa, na chakula chao kikawekwa chini ya ulinzi. Ujuzi alioupata katika nchi ya mbali ulitumika juu ya watu waliodai ardhi na uhuru nyumbani kwake.

Hatuna haki ya kumdharau askari huyo. Alikuwa hodari, alivumilia, naye alitumwa wala hakuulizwa. Lakini mwanafunzi asomaye habari zake na aulize maswali mawili. La kwanza: vita hivi ni vya nani? La pili: nani atakayekosa chakula kwa ajili yake? Wahenga walisema, wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Askari wa Keya alikwenda Malaya akaziona nyasi hizo kwa macho yake. Aliporudi, alizikuta mbele ya mlango wake.